Mgongo wa Baba Mkwe

Kitako cha bunduki kilitua mdomoni mwa Hezroni, meno yakadondoka juu ya vyungu vya mkewe.

"Wanaume wako wapi?" askari akauliza.

"Wamekwenda kula Pasaka milimani, bwana."

"Wote? Mlima gani huo wenye nyama nyingi hivyo?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akaanza kumkanyaga Hezroni vidole, taratibu, kimoja kimoja, kama mtu anayeponda karanga.

Jirani yake, Neli, aliyaona yote hayo akiwa amelala kifudifudi kwenye migomba, kiganja kimeziba mdomo wa binti yake Angetile. Ilikuwa Ijumaa Kuu, na Wadachi walitaka wapagazi wa kubeba mizigo ya vita. Kaka yake Neli walimchukua mwaka uliotangulia. Kilichorudi ni habari tu, kwamba alikaa chini kupumzika, wakampiga risasi palepale alipokaa.

Askari wakamburuta Hezroni nyuma ya nyumba. Alilia mpaka sauti ikakauka. Halafu kimya. Waliporudi walikuwa wanajifuta mikono kwa majani, na hawakumwuliza tena mtu yeyote swali lolote.

Hezroni alikuwa anajua kila kitu. Alijua kwamba Nsajigwa, mume wa Neli, amejificha na wenzake katika pango la wajomba zake Neli, kule juu Ukinga. Alijua kwamba kesho yake baba yake Nsajigwa angefika kutoka Makwale, na kwamba Neli ndiye angempandisha, maana mzee ni mtu wa mabondeni, njia za mlimani hazijui. Familia nzima ingekula sikukuu pamoja huko juu, mpaka askari waondoke. Basi, maskini Hezroni, kumbe amekufa nayo moyoni!

Jumamosi asubuhi mzee alikuwa ameketi kwenye mawe nje ya kijiji cha Lyulilo, palepale walipoagana kukutana, amejitanda shuka jeusi toka kichwani, mgongo ameuelekeza njiani. Neli akavuta nguo usoni. Tangu aolewe hakuwahi kuiona sura ya baba mkwe wake. Ninyi mnaofunda mabinti mnaijua adabu hiyo: mke akimsikia baba mkwe njiani, anaingia kichakani, anageuza uso, hata kivuli chake hakitazami. Na Neli alisifiwa kwa hilo ukoo mzima.

"Angetile, msalimie babu."

"Mugonile, babu!" mtoto akaita. Naye alikuwa hajamwona babu huyo tangu alipokuwa ananyonya.

Mzee akaguna, akasimama, akatangulia.

Wakapanda hivyo, shuka jeusi mbele, Neli nyuma, macho kwenye matope. Njia ikigawanyika mzee anasimama, naye Neli anasema na mtoto.

"Mwambie babu, kushoto, penye maporomoko."

"Babu, kushoto!"

Mzee anakwenda kushoto. Hakuomba kupumzika hata mara moja. Aliyekuwa anahema ni Neli.

Penye kivuko cha mto ruga-ruga, wapiganaji wa kukodiwa wa Wadachi, walikuwa wameziba njia. Veronika, muuza samaki wa pale Lyulilo, alikuwa amepigishwa magoti, kiboko kinashuka mgongoni mwake na kuondoka na ngozi. Neli akamkumbatia mwanawe, akingoja zamu yake. Akamsikia mzee ananong'ona maneno mawili matatu. Njia ikafunguka.

Veronika akamshika Neli mguu kwa mkono uliojaa damu. "Mama Angetile! Huyo mkwe wako ana dawa gani? Mwambie aniombee na mimi!"

Neli alifungua mdomo. Lakini angesemaje na baba mkwe, yeye mwenyewe, mbele za watu? Na mtoto angemtuma aseme nini? Alipokuwa bado anatafuta maneno, shuka jeusi lilikuwa limekwisha vuka. Akaung'oa mguu wake, akalifuata.

Nyuma yao kiboko kikaanza tena. Kisha mlio wa bunduki, mmoja tu.

"Mama, shangazi Veronika..."

"Usigeuke. Usigeuke, mwanangu."

Juu zaidi, jiwe likamtoka Neli chini ya mguu. Kabla hajaporomoka mkono ukamdaka bega, mkono mgumu kama mpini wa jembe, ukamsimamisha. Mwili mzima ukamwaka kwa aibu. Baba mkwe kumgusa mke wa mwanawe! Akajifunika uso wote, akajisemea kwamba vita imeharibu hata adabu za wazee, na kwamba yeye hatamwambia mumewe kamwe.

Ukungu ulipoachana, akaliona pango, moshi mwembamba unatoka, na harufu ya ndizi za kuchoma. Amewafikisha. Katika damu yote ile, mtoto mzima, mzee mzima.

"Mwambie babu tumefika," akasema. Halafu akapaza sauti: "Baba Angetile! Tokeni, ni sisi! Tumefika wote!"

Ndani wakashangilia. Nsajigwa akatoka mbio, mikono imejaa majivu, akamrusha binti yake juu na kumdaka. "Wajomba wako wamekutangulia, wametuletea mgeni jana usiku!" akasema. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, mikono mitupu, wanacheka. Nyuma ya wote akatoka mzee mwembamba, anakohoa, ameinama asigonge mwamba.

Mzee huyo akainua macho, akamwona Neli. Akashtuka, akajifunika uso kwa viganja, akageukia haraka ukuta wa pango, kama baba mkwe anavyompisha mke wa mwanawe.