Bega la Kushoto

Fundi alikuwa akimalizia gauni jeupe mama yake alipoingia akipapasa ukuta. Macho ya mama yalishapoteza nuru, lakini ndiye aliyemfundisha kushona.

"Unashona nini?"

"Gauni la mteja, mama. Kesho anafunga ndoa ufukweni, wao wawili tu na mashahidi. Baba yake hataki hata kumsikia huyo mwanamume."

Yote yalikuwa kweli, isipokuwa huyo mteja.

Mama akaketi, akalivuta gauni mapajani. Vidole vyake vikapita kiunoni, vikapanda kifuani, vikakoma begani. Bega la kushoto lilikuwa limekatwa chini kidogo kuliko la kulia. Tangu binti yake aanze kusimama dede, kila nguo aliyomshonea aliikata hivyo hivyo, kulifuata bega lake lililoinama.



"Huyo mteja hana mama?"

"Anaye."

Mama akapapasa pindo. "Basi simama nikupime. Pindo hili litaburuta mchangani. Nitungie sindano, upesi, kabla baba yako hajarudi."

Fundi akalamba ncha ya uzi, akajaribu, akajaribu tena. Uzi ulikataa kuingia. Sasa naye alikuwa haoni.