Feni Isiyosikika

"Na hii nayo inanguruma!"

Aliibwaga feni juu ya meza ya fundi kompyuta. Ya tatu hiyo. Macho yalikuwa yamemwiva, na ndevu hakuzigusa tangu wamzike mama.

Fundi, mtu asiyeishiwa mizaha, aliizungusha kwa kidole. "Kaka, hii hata panya hashtuki. Sasa unataka prosesa yako ipozwe na nini, dua?"

"Nataka kimya. Kimya kabisa. Nisaidie ndugu yangu, nimefika mwisho."

Fundi akaacha kucheka. Habari yote aliijua, maana yeye ndiye aliyeianzisha. Alipoletewa simu ya marehemu aisafishe, spika yake imekufa, alikuta humo ujumbe wa sauti uliorekodiwa mchana ule ule mama aliofariki, haukutumwa kwa mtu. Aliuhamishia kwenye kompyuta ya huyu mwana wa marehemu bila kuusikiliza. Mambo ya mama wa mtu, alisema, hayamhusu.

Mama hakuwa mtu wa kuandika. Kila jambo alilisema kwenye simu, na kila mara alianza, "Halo, ni mimi, mama yenu," utadhani yuko mwingine angejipachika cheo hicho. Hata ujumbe huu ulianza hivyo, kwa sauti nyembamba ya mgonjwa. Baada ya hapo mngurumo wa kompyuta ulimeza kila kitu. Ukiongeza sauti ili umsikie, nao unapanda. Na mwanawe hakutaka kuupeleka kwenye mashine ya watu, maneno ya mama yasije kusikiwa na wageni.

Na yeye ndiye aliyemuuguza. Wiki nenda wiki rudi alimlisha, akamwogesha, akambadilishia mashuka, na mchana ule alikuwa kitini, ubavuni pa kitanda. "Alikwenda kimya kimya," aliwaambia waliokuja kuwapa pole, "mkono wake uko mkononi mwangu. Hakusema neno." Aliyasema hayo mara nyingi hadi akawa anayaona mwenyewe mbele ya macho.

Kumbe neno lilikuwepo. Mama alilisema wakati gani? Lazima ni pale yeye alipokwenda jikoni kuchemsha maji, hakuna wakati mwingine. Dada yake mkubwa alimpigia kila siku kumuuliza, "Mama kasema nini?" Leo alikuwa anakuja kusikia kwa masikio yake.

"Umejaribu vile vya kuvaa masikioni?" fundi aliuliza.

"Nimejaribu. Kelele ni ile ile."

"Basi mtikisiko unapita mpaka kwenye waya za sauti. Mashine za zamani ndivyo zilivyo."

"Kuna zile za kupoza kwa maji."

"Za maji zina pampu, na pampu nayo inaimba." Fundi alipanda juu ya kigoda, akashusha boksi lililokaa rafuni hadi likapauka. Ndani mlikuwa na pande la mabati membamba yaliyosimama bega kwa bega, na feni pana imelala ubavuni. "Feni ndogo inakimbia mbio ndiyo maana inapiga makelele. Hii ni pana, inatembea kama bibi harusi. Kifuniko cha kompyuta hakitafunga, iache hivyo hivyo wazi. Hii ikikusumbua, mimi nafunga duka."

Nyumbani aliivua feni ya zamani, akaipangusa prosesa, akaiwekea tone jipya la grisi, akaanza kukaza skrubu. Mkewe, aliyehamia chumba cha watoto miaka mingi iliyopita, alipita na sufuria mkononi.

"Makubwa! Wewe leo ndiye wa kuchukia kelele?" alisema, akacheka peke yake hadi jikoni.

Yeye alitaka kwanza ausikilize ujumbe akiwa peke yake. Lakini skrubu ya mwisho haijakazwa, hodi ikapigwa, na dada akaingia, akakaa hata mkoba hajauweka chini.

"Fungulia, mdogo wangu. Nimechoka kungoja."

"Ngoja kwanza nijaribu..."

"Fungulia. Na mimi ni mama yangu."

Alibonyeza kitufe. Taa ikawaka. Aliinamisha sikio hadi karibu liguse mabati. Mapanga yalizunguka polepole, na hayakutoa hata pumzi. Moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akataka kulia kwa furaha.

"Unasikia?" alimuuliza dada.

"Sisikii kitu."

"Ndiyo hivyo! Ndiyo hivyo, dada!"

Akaufungua ujumbe, akapandisha sauti mpaka mwisho.

"Halo, ni mimi, mama yenu."

Kisha mngurumo. Ule ule.

Hapana. Hapana, jamani. Aliingiza kidole, akaizuia feni isizunguke kabisa. Mngurumo ukaendelea. Sasa, bila kelele nyingine ya kuuficha, ulisikika vizuri: unapanda, unakwama kidogo, kisha unashuka na mluzi mwembamba, halafu unapanda tena.

"Wewe!" mkewe alipaza sauti kutoka jikoni. "Dada yako ndiyo kwanza kaingia, na wewe umeshaanza kukoroma?"

Dada akageuka akamtazama. Alikuwa amekaa wima, macho wazi, kidole bado kimeshika feni. Alinyoosha mkono mwingine azime, lakini mama alishaanza kusema.

"Mwanangu. Amka, baba. Amka basi, unishike mkono."