Paka wa Bi Mkubwa

Siku hizi ukimuuza mnyama mtandaoni unavishwa bangili isiyovulika, na kila kinachomuuma yeye kinakuuma wewe, mpaka afe. Sheria ilitaka wauzaji wachague wanunuzi wenye huruma.

Mwanakombo alimuuza paka wake kwa mtu wa kwanza aliyeuliza. Leo, akisonga ugali, alihisi mkia asiokuwa nao ukibanwa mlangoni. Akapiga yowe, mwiko ukamponyoka.

Simu ikaita. Alikuwa Riziki, mke mwenzake.

"Bi Mkubwa, mbona unahema? Paka wako ninaye mimi. Nilimnunua kwa jina la mdogo wangu."

"Nirudishie, Riziki, nakusihi. Mnyama hana kosa."

"Nikurudishie, na daktari amesema ana afya njema, ataishi miaka mingi? Hebu subiri kidogo, maji yangu yamechemka."