Chafya ya Tatu

Kila nyumba yenye vifaranga ilifungiwa Sikio ukutani. Likisikia chafya tatu kabla ya jua kuzama, watu wa mifuko walikuja kuwabeba vifaranga wote wakawachome. Sikio halikujali kama ni mafua au vumbi, wala kama aliyepiga chafya ni kuku au mtu.

Asubuhi hiyo Atuganile, kwa pupa ya kuwahi shamba, aliwamwagia vifaranga wake maranda mapya ya kulalia pale jikoni bila kuyapepeta. Mmoja akapiga chafya.

“Moja,” likasema Sikio.

“Mama Subi, hukuyapepeta?” mumewe alinong’ona.

“Nimesahau, Baba Subi.”

Yule kifaranga akarudia.

“Mbili.”

Atuganile akamdaka, akambana mdomo na pua kwa vidole viwili. Hakuachia mpaka vile viguu vikaacha kumkwaruza kiganja. Mumewe aligeukia dirishani. Vumbi bado lilikuwa linaelea.

Ndipo Subi, mtoto wao aliyebebwa mgongoni mwa mama yake, akavuta pumzi ndefu ya kutaka kupiga chafya.

Mkono wa mama ulikuwa umeshafika nyuma, vidole viwili vikiitafuta pua yake.