Dakika Moja ya Mwalimu Nikodemo

"Fimbo haishikwi hivyo, Salimu. Hapo umeshika ufagio."

Mwalimu Nikodemo alimnyang'anya fimbo akaingia jukwaani, yaani kwenye pembe ya bwalo iliyozungushiwa chaki, akaanza kutembea. Alikanyaga kwa kisigino. Alihesabu hatua kwa sauti ya chini, akasimama, akaligusa kwa ncha ya fimbo tuta ambalo halikuwapo, kisha akamtazama Tatu, msichana aliyeigiza mama mkulima, kana kwamba ni jiwe lililoachwa njiani. Wanafunzi waliokuwa wakicheka walirudi nyuma hatua moja.

"Hivyo," alisema, akatoka nje ya chaki haraka kuliko alivyoingia.

Ulikuwa mwaka wa 1971. Uhuru ulikuwa unatimiza miaka kumi, na shule hiyo ya bweni, juu ya mji wa Lushoto, ilikuwa imeagizwa kufurahi. Mwalimu Nikodemo alikabidhiwa mchezo wa kuigiza, akauandika kwa juma moja. Ulihusu siku za mkoloni, watu wa milimani walipolazimishwa kulima matuta kwenye miteremko, na bwana shamba, Mwafrika mwenzao, akawasimamia kwa fimbo. Mwishoni Uhuru unafika, bwana shamba anarudi kuomba radhi, na mama mmoja anampakulia ugali, anaketi naye, wanakula sahani moja. Huko milimani, aliyekosewa akila nawe sahani moja, kesi imekwisha. Hata hakimu hana la kuongeza.

Mkuu wa shule, Mwalimu Fanueli, alisoma mpaka hapo akavua miwani.

"Mwalimu, huyu ni kibaraka. Kibaraka anafukuzwa, tunaimba, wageni wanakula pilau. Ugali wa nini?"

"Futa chochote, Mkuu. Hiyo dakika moja tu niachie."

"Kwa nini?"

Nikodemo alitazama dirishani. "Bila hiyo sina mchezo."

Mkuu alishangaa. Kwa miaka tisa mwalimu huyu hakuwahi kuomba kitu, hata likizo. Hakuwa na mke wala mgeni. Krismasi alikula bwaloni na mpishi, na mpishi alipokwenda kwao alikula na redio. Alisema kwao ni mbali, na hakuna aliyejisumbua kuuliza mbali wapi. Bweni la pili, lililokuwa na kamati ya kudumu ya kuwapa walimu majina, lilimwita Mzunguko, kwa sababu njia fupi ya sokoni ilipita katikati ya kijiji cha bondeni, naye kila Jumamosi aliikwepa, akapanda mgongo wa mlima na kikapu chake, akachelewa saa nzima. Kamati ililichunguza jambo hilo kwa uzito uliostahili, ikaamua kwa kauli moja kwamba anaogopa mbwa.

"Haya," alisema Mkuu. "Lakini mtafute wa kumwigiza huyo kibaraka."

Aliyepatikana hakudumu. Salimu alijiuzulu siku iliyofuata lile zoezi la fimbo.

"Shikamoo, mwalimu. Baba amesema nikiigiza bwana shamba, nisitegemee ndizi zake tena. Bibi alilima hayo matuta."

"Marahaba. Bibi yako yupo?"

"Alishafariki, mwalimu."

Nikodemo alitikisa kichwa kwa muda mrefu kuliko msiba wa bibi asiyemfahamu ulivyohitaji. "Basi nitaigiza mwenyewe," alisema.

Halafu akaomba jambo la pili: wazee wa kijiji cha bondeni waalikwe, tena wakae mbele. Hili Mkuu alilipenda. Wazee wakiwa mbele, picha hutoka vizuri.

Asubuhi ya tarehe tisa Desemba Nikodemo alinyoa ndevu zote, zile alizokuja nazo shuleni. Wanafunzi waligongana vichwa dirishani.

"Jamani, mwalimu kawa kijana!" Tatu alinong'ona. "Tumtafutie mchumba kabla hazijaota tena."

Alimsikia. Siku nyingine angempa adhabu ya kufyeka. Siku hiyo alitabasamu, na mdomo wake ukaonekana haujazoea kazi hiyo.

"Wazee wamefika?" aliuliza.

"Wamejaa benchi mbili, mwalimu."

Mchezo ulianza. Bwana shamba alipoingia na fimbo yake, wanafunzi walizomea mpaka mabati yakaitikia. Mgeni rasmi alicheka, akajifuta macho. Benchi mbili za mbele zilikaa kimya, na Nikodemo hakuzitazama hata mara moja, mpaka Uhuru ulipofika kwa ngoma na vigelegele, naye akapiga magoti.

"Niliwatesa," alisema. "Sina la kujitetea. Naomba mnisamehe."

Aliilaza fimbo sakafuni. Mgeni rasmi alimgusa Mkuu begani kumpongeza.

Tatu alikuja na sahani ya ugali. Kabla hajafika, mama mmoja wa benchi ya mbele aliinuka, akafunga kanga yake vizuri, akaivuka chaki, akanyoosha mikono. Tatu alikuwa amelelewa kutobishana na mkubwa, akamwachia sahani.

Mama yule aliiweka chini mbele ya Nikodemo. Hakuketi. Alimwangalia ule uso ulionyolewa, bila haraka, kama mtu anayesoma barua iliyochelewa.

"Mtoto uliyemtoa tumboni mwangu kwa fimbo yako kule kwenye matuta," alisema, "leo angekuwa rika la hawa. Kula, Bwana Shamba. Kula peke yako."

Bwalo zima lililipuka kwa makofi. Mgeni rasmi alisimama. Mkuu alimwinamia sikioni, akapiga kelele ili asikike: "Huyu mama anaigiza kuliko wanafunzi wangu wote!"

Kwenye benchi mbili za mbele hakupiga makofi mtu.