Njia ya Tisa

"Nafasi yako haipo tena, binti," kocha wa chuo alisema, bila kuipokea barua aliyonyoshewa. "Chama cha riadha cha vyuo kimewaongezea wakimbiaji wa mwaka wa mwisho mwaka mmoja zaidi. Zamda alikuwa aondoke, sasa anabaki, na ule ufadhili wa masomo uliokuwa uje kwako anabaki nao yeye."

Yule binti, Sikudhani, aliikunja barua ya chuo iliyomwahidi nafasi. Kwa ajili ya barua hiyo alikuwa amevikatalia vyuo vingine viwili.

"Kocha, ulinifuata mwenyewe mpaka shuleni kwetu."

"Nilikufuata. Lakini uwanja una njia nane, na wasichana ninao wanane. Wale pale, wanajipanga kuanza mbio."

Sikudhani hakulia wala hakubembeleza. Aliiendea ndoo ya chokaa iliyoachwa kando ya uwanja, akachota kopo zima, akainama, akaanza kumwaga mstari mweupe nje ya ule wa mwisho, taratibu, mpaka kwenye kona. Kisha akarudi, akavua viatu, akasimama kwenye njia yake.

Zamda, aliyekuwa njia ya nane, aliutazama ule mstari uliopindapinda. Akasogea ndani kidogo, kumpisha.

Wasichana tisa waliinama. Kocha alikuwa na filimbi mdomoni.