Kidani cha Kashata

Siku hizi kila paka mjini huvishwa kidani kinachotamka sababu ya kila kituko chake, ili watu wasihangaike bure. Bi Zuwena alikuwa akikaa eda ya mumewe, na tangu maziko hakutoa hata chozi. Asubuhi hiyo paka wao, Kashata, alikuwa akiparura ndoo tupu mlangoni mwa choo.

"Hana neno," kidani kilisema. "Anamngoja bwana aje kutawadha."

Wifi yake, Mwanamkuu, akaangua kilio. Zuwena, aliyeketi mkekani, alimtazama tu, kisha akamgeukia paka.

"Na mimi je, mbona silii?"

Kashata alimnusa miguu, akakatiza juu ya mapaja yake, akaenda zake.

"Hana neno," kidani kilisema. "Anadhani hapa hapana mtu."